Siku Moja ya Kufua kwa Mwezi

Ujerumani Mashariki, nchi iliyojenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani kule Zanzibar, ilikuwa na sheria ambayo mfanyakazi yeyote mwanamke angeitamani. Kuanzia mwaka 1952, mke aliyeajiriwa kutwa nzima alibaki nyumbani siku moja kila mwezi, na mshahara wake haukuguswa. Lakini haikuwa siku ya kupumzika. Ilikuwa ya kufua mashuka, kusugua sakafu, kutia viraka nguo za watoto na kuwahi dukani kabla bidhaa adimu hazijaisha.

Dola ile ilihitaji mikono. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeua wanaume wengi, na mpaka ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961, watu walikuwa wakikimbilia Magharibi. Hata hivyo, dola hiyo iliamini pia kwamba mwanamke mwenye kipato chake ni mtu huru, na imani hiyo naiheshimu. Kufikia miaka ya 1980, takriban wanawake tisa katika kila kumi walikuwa kazini au masomoni. Watoto wachanga walishinda kwenye vituo vya malezi, na wakubwa wakala mchana shuleni. Mama aliendesha winchi au akafundisha hesabu. Jioni akamchukua mtoto, akapitia dukani, akabandika chungu.

Baadaye siku ile iliwafikia akina mama wasio na waume. Mwaka 1977 ikafika hata kwa wanaume, ila kwa sharti: awe analea watoto peke yake, au mkewe awe mgonjwa. Sharti hilo linaniuma kuliko yote. Mume mwenye mke mzima hakuwa na nguo ya kufua machoni pa sheria. Mwaka huohuo mama wa watoto wawili alipunguziwa wiki ya kazi kutoka saa 43 na robo tatu hadi saa 40, kwa ujira uleule. Baba hakupunguziwa hata dakika. Kila nafuu ilimwongezea mama muda wa kurudi kwenye beseni.

Waliotunga nafuu hizo walikuwa nani? Chini ya Ulbricht na Honecker, viongozi wa chama tawala, hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa mjumbe kamili wa Politburo, kamati ya juu ya chama hicho. Wachache waliofika pale walibaki wagombea wa ujumbe, wakiruhusiwa kusema, wasiruhusiwe kupiga kura.