Nafuu za Kifedha kwa Anayeweka Sola Nyumbani: Hutoka Wapi na Humfikia Nani

Mwenye nyumba anapofikiria kuweka paneli za sola, swali lake la kwanza huwa ni bei, na la pili ni iwapo serikali itamsaidia kuibeba. Nchini Kenya hakuna mpango wa jumla unaomkabidhi mwenye nyumba fedha taslimu kwa sababu ameweka sola juu ya paa. Nafuu zipo, na si haba, lakini zimewekwa ndani ya kodi ya vifaa, ndani ya mita ya umeme na ndani ya mikataba ya wauzaji. Hakuna hata moja inayoanzia mkononi mwa mnunuzi. Hupitia kwanza kwa mwagizaji, kwa muuzaji au kwa kampuni ya umeme, na kila anayeipokea njiani ana nafasi ya kujimegea.

Yafaa jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu video nyingi zinazosambazwa kwa simu huzungumzia nchi nyingine. Nchini Marekani, kwa mfano, mwenye nyumba aliruhusiwa kupunguza asilimia 30 ya gharama ya sola kutoka katika kodi yake ya mapato ya serikali kuu, na nafuu hiyo ilikoma kwa mitambo inayowekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Iliwahusu walipa kodi wa huko. Muuzaji wa Nairobi au Kisumu anayemwahidi mteja "asilimia 30 ya serikali" anamuuzia habari za watu wengine.

Kodi isiyotozwa

Nafuu kubwa zaidi kwa mnunuzi wa kawaida ni ile asiyoiona, yaani kodi ambayo haikuongezwa kwenye bei. Chini ya sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, vifaa maalumu vya nishati ya jua na ya upepo, pamoja na betri za kuhifadhi umeme huo, vimesamehewa ushuru wa kuingiza bidhaa. Kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16, ina historia yenye kupanda na kushuka. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola. Bei zikapanda, wauzaji na wanunuzi wakalalamika, na Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha. Msamaha huo uliorudishwa ulitaja paneli, vidhibiti vya chaji, inveta na betri za kuhifadhi umeme wa jua. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaziweka betri za sola na za lithiamu-ioni katika kiwango cha sifuri.

Msamaha na kiwango cha sifuri hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali sivyo. Bidhaa ikiwa katika kiwango cha sifuri, muuzaji hakutozi VAT, naye anaruhusiwa kudai arudishiwe VAT aliyoilipa katika kodi ya ghala, usafirishaji na matumizi mengine ya biashara yake. Bidhaa ikiwa imesamehewa, hakutozi VAT pia, lakini ile aliyoilipa yeye hairudi. Atakachofanya ni kuiingiza kimyakimya katika bei. Hivyo basi risiti isiyoonyesha VAT hata senti moja bado yaweza kubeba chembechembe za kodi ndani yake. Muuzaji anayekueleza hivyo hakudanganyi. Anayedanganya ni yule anayesema kuwa msamaha umeishusha bei kwa asilimia 16 kamili, ilhali bei yake ni ile ile ya duka la jirani.

Kuna sharti jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Msamaha uliorudishwa mwaka 2021 hutolewa kwa pendekezo la Waziri anayehusika na kawi kwa Kamishna wa kodi. Kwa kawaida shughuli hiyo hufanywa na mwagizaji. Asiyelipata pendekezo hulipa kodi, na kodi hiyo huingia katika bei ya dukani. Ndiyo maana paneli mbili za nguvu moja, zilizotengenezwa katika kiwanda kimoja, huweza kutofautiana bei katika maduka yanayotazamana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia imepewa makadirio ya shilingi 250,000 kabla ya kodi: shilingi 180,000 ni paneli, inveta na betri, shilingi 30,000 ni nyaya, swichi na vyuma vya kushikilia paneli, shilingi 40,000 ni kazi ya fundi. Muuzaji akiongeza asilimia 16 juu ya jumla yote, kodi inakuwa shilingi 40,000. Akiitoza juu ya nyaya, vyuma na kazi pekee, inakuwa shilingi 11,200. Tofauti ni shilingi 28,800, na familia haiwezi kuigundua ikiwa makadirio yameandikwa kwa mstari mmoja unaosema "mtambo kamili wa sola". Omba kila kifaa kiandikwe peke yake na kodi yake pembeni. Omba pia ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), ambayo huonyesha kila bidhaa imetozwa kodi gani. Usitarajie kwamba televisheni, feni au jokofu vitapata msamaha kwa kuwa tu vimeuzwa pamoja na paneli. Hivyo ni vyombo vya kutumia umeme, wala si vya kuuzalisha. Na kwa kuwa sheria ya fedha hupitiwa kila mwaka na mabadiliko yake mengi huanza mwezi Julai, makadirio ya mwezi Mei yathibitishwe upya kabla ya kulipia mwezi Agosti.

Umeme unaorudishwa kwenye gridi

Sheria ya Kawi ya 2019, katika kifungu cha 162, ilimruhusu mtumiaji wa umeme mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kupimiwa umeme pande zote mbili: ule anaouchukua kutoka kwenye gridi na ule wa ziada anaourudisha. Kanuni za utekelezaji zilitolewa mwaka 2024. Anayerudisha umeme halipwi fedha. Huwekewa uniti za kufidia matumizi yake ya baadaye, na kwa kila uniti mbili anazorudisha huhesabiwa moja.

Hesabu hiyo ya nusu ndiyo inayopaswa kuongoza uamuzi wako. Uniti iliyozalishwa saa sita mchana na kutumika papo hapo nyumbani inakuokoa gharama ya uniti nzima. Uniti hiyo hiyo ikienda kwenye gridi, inakuokoa nusu. Nyumba inayorudisha uniti 120 kwa mwezi itahesabiwa 60. Kwa hiyo nyumba ambayo watu wote hutoka alfajiri na kurudi magharibi hunufaika kidogo kwa mtambo mkubwa usio na betri, hata kama paa lake ni pana na jua halina wingu. Nyumba yenye pampu ya maji, biashara ya kushona, friji ya kuuzia maziwa au mtu anayepiga pasi mchana hunufaika zaidi kwa mtambo mdogo zaidi. Ni afadhali kuhamisha kazi za nyumbani ziende mchana kuliko kununua paneli mbili za ziada kwa tamaa ya kuuza umeme.

Mtambo pia huweza kupunguza bili kwa njia ambayo watu huisahau. Tangu mapitio ya bei ya mwaka 2023, wateja wa majumbani wamegawanywa katika ngazi tatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 31 na 100, na wanaozidi 100, na bei ya uniti hupanda kadiri ngazi inavyopanda. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 130 za gridi ikashuka hadi 90 haipunguzi uniti 40 pekee. Inahamia katika bei nafuu zaidi. Kwa baadhi ya familia, mtambo wa wastani unaowashusha ngazi moja una faida kuliko mtambo mkubwa uliokopewa fedha nyingi.

Yapo mambo mawili ya kiufundi yanayogusa mfuko moja kwa moja. Mosi, usiunganishe mtambo na gridi kabla ya kupata mkataba na mita inayopima pande zote mbili. Baadhi ya mita za kawaida huhesabu umeme unaotoka kana kwamba unaingia, na tokeni zako zitaisha kwa umeme uliowagawia majirani. Pili, inveta iliyofungwa kwenye gridi bila betri hujizima gridi inapokatika. Imetengenezwa hivyo ili isiwapige shoti mafundi wanaofanya kazi kwenye nyaya zinazodhaniwa kuwa hazina umeme. Anayenunua sola ili asikae gizani, akauziwa mtambo wa aina hiyo, atakaa gizani pamoja na mtaa mzima, paneli zake zikiwa juu ya paa. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: stima ikipotea saa saba mchana, taa zangu zitawaka?

Kabla ya kutia sahihi, uliza pia uniti zako za akiba hufutwa lini, nani hulipia mita mpya, na mkataba unahamishwaje ukiuza nyumba.

Lipa mdogo mdogo

Kwa familia zilizo mbali na gridi, nafuu inayotangazwa zaidi ni mkopo: amana ndogo, kisha malipo ya kila siku kwa M-Pesa, na kifaa kinachojifunga malipo yanapokoma. Mpango huu umewatoa wengi kwenye koroboi, na hilo lisidharauliwe. Kwa mtu anayepata kipato cha kutwa, shilingi 50 kwa siku zinalipika pale ambapo shilingi 20,000 kwa mkupuo hazilipiki. Lakini huu ni mkopo, hata pale ambapo tangazo halilitaji neno hilo.

Tena tutumie mfano wa kubuni. Kifaa cha shilingi 21,000 taslimu kinauzwa kwa amana ya shilingi 3,500 na shilingi 50 kwa siku 600. Malipo ya kila siku ni shilingi 30,000; pamoja na amana, jumla ni 33,500. Mnunuzi amelipa shilingi 12,500 zaidi, kwa kukopeshwa 17,500. Huenda bado anaona inamfaa, akilinganisha na mafuta ya taa na ada ya kuchajisha simu sokoni. Hata hivyo, anastahili kuijua jumla kabla ya kuweka amana, wala si baada ya siku 400. Tangazo linalotaja malipo ya siku bila kutaja idadi ya siku halijataja bei.

Uliza kama siku ambazo hukulipa huongezwa tu mwishoni au hutozwa faini. Kama kifaa kikichukuliwa, ulicholipa kinarudishwa kwa kiasi gani. Na kama msimbo wa kukifungua kabisa hutolewa mara tu deni linapokwisha. Uliza vilevile kama dhamana inadumu hadi mwisho wa malipo. Ni dhuluma iliyo wazi kuendelea kulipia betri iliyokufa, na mikataba ambayo dhamana yake ni ya mwaka mmoja na malipo ya karibu miaka miwili hufungua mlango huo.

Katika kaunti zilizokuwa nyuma kwa umeme, fedha za umma pia zimepitia kwa wauzaji. Mradi wa K-OSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na ulioidhinishwa mwaka 2017, ulilenga kaunti 14, zikiwemo Turkana, Marsabit, Mandera, Tana River, Lamu na Kwale. Sehemu ya mradi huo huyapa makampuni motisha kulingana na matokeo ili yapeleke vifaa mahali ambapo biashara pekee isingewafikisha. Mkazi hatumiwi chochote kwa simu yake. Anayekuomba "ada ya usajili" ili upokee ruzuku ya sola nyumbani usimpe.

Fundi na karatasi

Kanuni za mwaka 2012 za mitambo ya sola zinamtaka anayefunga mtambo awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kuna ngazi tatu za mafundi: T1 kwa mitambo midogo, T2 kwa ya kati, na T3 kwa mitambo mikubwa na inayounganishwa na gridi. Omba kuiona leseni, na uhakikishe ngazi yake inalingana na kazi yako. Fundi asiye na leseni huweza kukuokolea shilingi elfu chache siku ya kufunga, kisha mtengenezaji akakataa kuiheshimu dhamana.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo. Malalamiko huanzia kwa muuzaji, kwa maandishi yenye tarehe. Yasipojibiwa, yanayohusu mtambo, fundi au mita hupelekwa EPRA. Yanayohusu kodi, KRA. Na yanayohusu matangazo ya uongo, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ambatisha makadirio, ankara, mkataba, nakala ya leseni ya fundi na namba za utambulisho zilizobandikwa nyuma ya paneli na ubavuni mwa inveta na betri. Namba hizo zipigwe picha kabla paneli hazijapandishwa, kwa kuwa zikishafungwa juu ya paa hazisomeki tena.