Alihukumiwa Oktoba, akachaguliwa Desemba

Tarehe 12 Oktoba, 1983, mahakama ya Tokyo ilimtia hatiani Bwana Kakuei Tanaka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, kwa kupokea hongo ya Yen milioni 500. Alipewa kifungo cha miaka minne. Akakata rufaa, akaachiwa kwa dhamana, na Desemba mwaka huo huo akasimama kugombea ubunge. Wapiga kura wa jimbo lake mkoani Niigata walimpa kura zaidi ya 220,000. Hakupata kuzifikisha katika uchaguzi wowote wa nyuma, hata ule wa 1972 alipokuwa Waziri Mkuu!

Je, watu wale hawakuwa na habari ya hukumu? Walikuwa nayo. Kesi hiyo iliandikwa magazetini kwa karibu miaka saba.

Ili kuwaelewa, sharti tuanze na theluji. Niigata iko pwani ya magharibi, upande ambao Wajapani wenyewe waliuita mgongo wa Japani. Viwanda, bandari kubwa na fedha vilikuwa upande wa pili, Tokyo na Osaka. Niigata ilikuwa na mpunga, na wakati wa baridi theluji ilirundikana kupita kimo cha mtu. Barabara zilifungwa, mgonjwa hakumfikia daktari, na wanaume waliziacha familia zao wakaenda mijini kutafuta vibarua.

Huko ndiko alikozaliwa Tanaka mwaka 1918. Baba yake alifanya biashara ya mifugo, ikamfilisi. Mtoto alikuwa na kigugumizi, akaacha shule mapema, na mwaka 1934 akaenda Tokyo kutafuta maisha. Alianzisha kampuni ya ujenzi, na mwaka 1947 akaingia Bungeni. Alipokuwa Waziri Mkuu Julai 1972, akiwa na umri wa miaka 54, ilikuwa ajabu kubwa, kwani kiti kile kilizoea wasomi wa vyuo vikuu. Magazeti yalimwita buldoza lenye kompyuta. Miezi mitatu haijatimia, alikwenda Beijing na kurudisha uhusiano wa kibalozi na China. Hilo tusimnyime.

Lakini kwa watu wa Niigata, Beijing ilikuwa mbali. Wao walihesabu barabara, madaraja na mahandaki yaliyochimbwa milimani hata kwa ajili ya vijiji vidogo. Mwaka 1982 ilifika treni iendayo kasi. Kila kijiji kilikuwa na tawi la chama cha wafuasi wake, Etsuzankai, ambacho kilipokea maombi na kuyafikisha kwa mzee. Makandarasi waliopata kazi nao walijua la kufanya siku ya kura.

Ndipo mimi ninapokataa kuwaita wapiga kura wale wajinga. Walifanya hesabu yao, nayo ilikuwa sahihi. Kasoro yake ni kwamba fedha zile hazikuwa za Tanaka. Zilikuwa kodi ya Wajapani wote, naye alizigawa kama mtu agawaye pilau nyumbani kwake, akapokea shukrani kwa jina lake.

Na huo ndio mtindo uliomwangusha. Mwaka 1974, bei zikiwa zimepanda vibaya, jarida la Bungei Shunju lilichapisha uchunguzi juu ya mali zake na biashara za ardhi. Akajiuzulu kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1976 yakaja makubwa zaidi: kampuni ya ndege ya Lockheed ya Marekani ilikiri mbele ya kamati ya Seneti kwamba ilitoa mlungula Japani ili iuze ndege zake. Stakabadhi moja ilisema mpokeaji amepokea karanga mia moja. Kila karanga ilikuwa Yen milioni moja. Julai mwaka huo Tanaka akakamatwa.

Alitoka katika chama tawala, lakini wabunge wa kundi lake walibaki ndani, wakawa wengi kuliko wa kundi lolote. Bila wao hakuna aliyeweza kuwa Waziri Mkuu. Bwana Nakasone alipoingia madarakani mwaka 1982, watani walimwita Tanakasone.

Kilichomtoa katika siasa ni maradhi. Februari 1985 alipatwa na kiharusi, na kundi lake likahamia kwa Bwana Takeshita. Mahakama ya rufaa ilithibitisha hukumu mwaka 1987, naye akakata rufaa tena. Alifariki tarehe 16 Desemba, 1993, Mahakama Kuu Kabisa haijatoa uamuzi, wala hakutumikia kifungo kile. Miezi michache kabla ya hapo, jimbo lile lile lilikuwa limemchagua binti yake, Makiko.

Nje ya stesheni ya Urasa, ambako treni ya kasi husimama, ipo sanamu ya Tanaka akiwa ameinua mkono. Imejengewa paa juu, ili theluji isimfunike.