Petroli Imeishia Wapi?

Peugeot 504 iliyolazwa chini ya mwembe tangu mwenyewe alipostaafu haijafa, hata kama matairi yamezama ardhini. 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, na coupé yake ya V6 ikashinda tena mwaka 1978. Chuma cha namna hiyo hakiuawi na miaka kumi ya kukaa. Kinachooza ni petroli. Sehemu zake nyepesi huruka hewani, inayobaki huchacha na kuacha utando wa gundi ya kahawia kila ilipotuama. Fungua mfuniko wa tanki unuse. Ukipata harufu kali ya vanishi badala ya petroli, usipige stata kwanza. Itoe yote.

Yanayofuata yanajulikana. Betri mpya, petroli mpya, injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, au inawaka, inakohoa na kuzima. Fundi anatoa hukumu: kabureta imekufa. Mwenye gari anaanza kuhangaika na spea za saluni ambayo Ufaransa iliacha kuitengeneza mwaka 1983, ingawa Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha baada ya hapo. Kwa maoni yangu hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Kabureta ndiyo inayoonekana ukifungua boneti, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa.

Kabla ya yote, hakikisha tatizo ni petroli kweli. Piga stata kidogo, kisha fungua plagi moja. Ikiwa imelowa, petroli inafika na ugonjwa uko kwenye umeme. Ikiwa kavu, toa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia koo la kabureta injini ikiwa imezimwa, na uvute kwa mkono waya wa mafuta, ule unaovutwa na pedali. Lazima uone uzi mwembamba wa petroli ukiruka ndani. Usipouona, kuna uwezekano mkubwa bakuli la kabureta ni tupu. Chomoa pia kijiti cha oili ukinuse. Oili iliyopanda kupita alama na kunuka petroli maana yake kiwambo cha pampu kimepasuka na petroli inamwagikia kwenye oili. Injini hiyo isizungushwe tena mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe, kwa kuwa oili iliyozimuliwa na petroli hailindi beringi.

Sasa tafuta ilikokwama. Njia ni hii: tanki lililo nyuma, bomba linalopita chini ya gari, pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini ambayo mkono wake husukumwa na kamshafti, halafu kabureta. Anza katikati, yaani kwenye pampu, maana jibu la hapo linafuta nusu ya kazi. Chomoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe cheche. Toa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, uingize mdomo wake kwenye chupa ya kioo, na mtu apige stata kwa sekunde chache. Petroli iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikiruka hivyo, nyuma kote hakuna kosa na sasa una haki ya kuishuku kabureta. Ikichuruzika kinyonge au isipotoka kabisa, iache kabureta ilivyo.

Hiyo chupa usiimwage upesi. Iache itulie nusu saa, kisha iinue kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama tone linalotembea ukiinamisha chupa. Unga wa kahawia ni kutu ya tanki. Chupa hii moja inakueleza hali ya mfumo mzima kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Pampu isipotoa kitu, usikimbilie kuibadilisha. Ifanyie kile mafundi wanachokiita dripu, lakini kwa upande wa kuvuta: toa mpira unaotoka kwenye tanki, na mahali pake weka mpira mfupi mpya uliotumbukizwa kwenye kidumu cha petroli safi, chini ya usawa wa pampu ili ilazimike kuvuta. Ikivuta, pampu ni nzima na kosa liko nyuma. Hapa wengi hudanganyika kwa kutafuta mahali panapovuja. Bomba la upande wa kuvuta likiwa na ufa mdogo si lazima lidondoshe petroli. Linaingiza hewa, na pampu inavuta upepo. Mipira iliyozeeka nayo huvimba na kubanduka kwa ndani huku nje ikionekana mizima. Ibadilishe yote; ni kitu cha bei ndogo.

Kuna gari linalosumbua zaidi kuliko lisilowaka: linalowaka vizuri, linakwenda kilomita kadhaa, linazima, linapumzishwa na kuwaka tena kana kwamba halikuwa na kitu. Litakapozima, fungua mfuniko wa tanki papo hapo. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo cha "fsss" na gari likawaka, tundu la hewa la tanki limeziba. Petroli ilikuwa ikitoka bila hewa kuingia, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Usiposikia kitu, shuku uchafu ulio ndani ya tanki: unavutwa hadi kwenye mdomo wa bomba, unaziba, injini ikizima unaanguka chini. Hapo kubadilisha chujio la mbele hakusaidii. Tanki lishushwe, lisafishwe, na lisichomelewe na mtu asiyejua kazi hiyo, kwani tanki tupu lenye mvuke hulipuka kuliko lililojaa.

Kabureta yenyewe nitaipitia haraka. Tikisa floti sikioni. Ukisikia petroli ndani, imetoboka, na gari litafurika. Jeti zisafishwe kwa dawa na upepo, kamwe si kwa waya, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka kipimo kimepotea. Na kama 504 yako ni TI, haina kabureta: ina pampu ya sindano ya Kugelfischer, na hiyo mpelekee anayeijua.

Ombi kwa mafundi wetu: acheni kunyonya petroli kwa mdomo. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitalini, na hata kumuua. Pampu ndogo ya mkono inatosha.

Gari likishawaka, funga chujio linaloonyesha ndani kabla ya pampu, na ununue la pili uweke akiba. La kwanza litajaa kahawia ndani ya siku chache, na hilo ni la kawaida. La pili nalo likijaa upesi, usinunue la tatu, shusha tanki.