Raba Kutoka Kariakoo, Sukari kwa Mangi

Wanangu wa Same, piteni stendi jioni muangalie watu miguuni. Raba zile kali, jezi, mpaka makava ya simu yanayong'aa, mzigo mwingi umeshushwa kwenye basi. Muulize mwana kaupata wapi, atakutajia peji ya Insta. Halafu mfuate mwana huyohuyo mpaka geto: sukari, mchele, sabuni ya kipande na mafuta ya kupima, vyote katoa kwa Mangi mwenye duka pale kona. Watu wanauliza vijana wa siku hizi wananunua mtandaoni mara ngapi na dukani mara ngapi, kana kwamba tumegawanyika timu mbili. Kitaani kwetu ni watu walewale na mkwanja uleule. Dukani tunaenda kila siku, pengine mara mbili. Mtandaoni tunaenda hela ikipatikana: mwisho wa mwezi, sikukuu ikikaribia, mavuno yakiuzwa, au mchongo ukitiki.

Na mtandao wetu hauna kitufe cha kubonyeza ukaletewa mlangoni. Muuzaji yuko Kariakoo. Kapanga raba chini, kapiga picha, kaandika "Mikoani tunatuma". Bei hajaweka, njoo inbox. Unaingia inbox, mnavutana, mnakubaliana, unarusha hela kwa simu pamoja na ya kutolea. Hapo roho iko juu. Baadaye inaingia picha ya boksi limeandikwa jina lako kwa maka peni, na chini yake namba ya basi na namba ya konda. Basi, umeshapata. Same tumebarikiwa kitu kimoja: tumekaa juu ya barabara kuu ya Dar kwenda Moshi na Arusha, na mabasi ya kaskazini yanapita hapa mchana kutwa. Mzigo ukipakiwa Dar alfajiri, jua halizami haujafika.

Ila umefika Same, haujafika kwako. Mwana wa Mbaga, Chome au Suji bado ana mlima wa kupanda. Hapo anatafutwa boda anayeaminika, yule anayejulikana mpaka kwa mama yake. Mvua za masika zikishika, barabara ya udongo inakuwa utelezi mtupu, boda anapandisha bei, na ni haki yake, maana anachezea maisha. Kwa hiyo wengi wa mlimani wanaacha boksi mjini, dukani kwa shangazi au kwa mtu wa kijijini kwao, linakaa chini ya kaunta mpaka apatikane mtu anayepandisha.

Hilo la kaunta ndilo nataka tulitazame vizuri. Hela uliyomrushia muuzaji wa Kariakoo uliiweka wapi kwenye simu? Kwa wakala. Wakala ni nani? Ni Mangi, au dada wa duka la vipodozi. Tangu Vodacom walete M-Pesa Tanzania mwaka 2008, maduka yetu madogo ndiyo yamekuwa mlango wa kuingilia huko mtandaoni. Vocha ya bando umeinunua dukani. Boksi limelala dukani. Simu ikizima chaji, umeichajia dukani. Ukisema duka la mtaani limepitwa na wakati, unakata tawi ulilokalia.

Kumbukeni Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni. Walikuwa na ghala, programu ya simu na watu wa kupeleka mizigo, wakafunga Tanzania mwishoni mwa Novemba 2019. Kenya wakaendelea. Huku kwetu sikumsikia mtu analia, maana hatujawahi kuwategemea. Mfumo wa kuleta mzigo mlangoni unataka mlango unaojulikana, na namba za nyumba tumezizoea juzijuzi tu, baada ya ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya sensa ya Agosti. Sisi tulishakuwa na anwani yetu siku nyingi: "Shusha Same stendi, mpigie huyu."

Na hata hizo peji za Insta, chimbo lake ni duka. Juni 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga milango kwa mgomo wa mambo ya kodi, kilichofungwa ni stoo ileile wanakochota wauzaji wa mtandaoni.

Sasa tupige hesabu za kitaa. Tuseme raba inauzwa buku thelathini. Weka ya kutolea, weka nauli ya basi, weka boda wa mlimani, weka bando ulilochoma ukiskroli na kubembeleza punguzo. Ukimaliza, kuna siku duka la Same mjini lilikuwa na kiatu kilekile kwa bei hiyohiyo, na ungekijaribu mguuni kabla ya kulipa. Makato ya simu si kitu kidogo kwa mtu wa kipato chetu. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kelele zilikuwa kubwa nchi nzima mpaka Serikali ikaipunguza Septemba mwaka huohuo. Kila kinachoongezeka kwenye muamala kinamrudisha mtu dukani na noti yake mkononi.

Halafu kuna daftari. Mangi ana daftari la madeni, na kwenye lile daftari kuna nyumba nyingi ambazo bila hilo zisingefika mwisho wa mwezi. Anakupimia robo ya sukari. Anakupa unga leo, unalipa Ijumaa. Anajua mzee wako anaumwa, anajua tangawizi yenu haijauzwa bado. Hakuna peji itakayokukopesha robo kilo ya maharage ya makande. Hii naisema kwa moyo wote, kwa sababu naona washkaji wanalipa cha mtandaoni chapchap, huku deni la Mangi linaota mvi. Huko ni kumchakaza mtu anayetubeba.

Mitumba nayo ina ufalme wake. Same mjini jua linachoma, lakini panda kuelekea Shengena, kilele cha zaidi ya mita 2,400, ukungu unakuingia mifupani. Jaketi la huko huwezi kulichagua kwa picha. Unalitaka gulioni, belo likifunguliwa, ulivute zipu, uligeuze ndani, ubishane bei mpaka mwenyewe acheke. Ikiwa mguu wangu unafika gulioni, mtandao kwenye jaketi haunipati.

Tatizo kubwa la mtandaoni ni kupigwa. Umeona OG kwenye picha, kimekuja feki, au hakijaja kabisa na namba haipatikani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza kwa mtandao ajitambulishe kwa jina lake na anwani, aeleze bidhaa yake, aseme na bei kamili. Ile tabia ya "bei njoo inbox" na peji isiyo na jina la mtu tumeizoea, lakini haitakiwi. Watani wetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Safi, huo moyo tuupeleke huku! Kabla hujarusha hela dai jina, dai duka liko mtaa gani, piga skrini shoti za maongezi yote. Akikausha, achana naye.

Na nyie wenye maduka ya Same, mnalala. Mzigo mnao, wateja wako Gonja, Ndungu na Hedaru, wana simu, na nauli ya kuwafikia ni ndogo kuliko ya Dar. Mpaka lini mteja asafiri kuja kuuliza kama mna saizi yake? Wekeni status, andikeni bei, jibuni meseji. Wa mlimani vilevile: tangawizi ya Mamba Miamba mnamuuzia dalali shambani kwa bei anayotaka yeye, wakati mabasi yanayotuletea raba yanarudi Dar na buti zina nafasi. Ipigeni picha ikiwa na udongo wake, taja kilo bei gani, weka jina lako kamili na kijiji chako, tupia kwenye kila grupu ulilomo. Konda ni yuleyule.