Baiskeli msituni: Mambo ambayo familia inafaa kujua kabla ya kuanza

KWA mzazi anayeishi Kongo, Kawangware, au Kibera jijini Nairobi, kumnunulia mtoto baiskeli ni jambo moja, na kupata mahali salama pa kuiendesha ni jambo jingine. Barabara ya Naivasha na ile ya Ngong zimejaa matatu na bodaboda, nazo njia za mtaani ni nyembamba na zina mitaro.

Ndiyo sababu familia inayotaka kuanza mchezo wa baiskeli za milimani inafaa kufikiria njia kwanza, kisha baiskeli. Mchezo wenyewe hauhitaji mlima. Unahitaji njia ya udongo, miinuko midogo na mahali pasipo na magari.

Mahali panapowafaa zaidi wanaoanza ni Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000. Msitu huo ulinusurika kunyakuliwa baada ya kampeni iliyoongozwa na Prof Wangari Maathai, ambaye alishambuliwa na kujeruhiwa hapo mwaka wa 1999. Leo una njia za baiskeli, na wageni wanaweza kukodi baiskeli huko huko baada ya kulipa ada ya kuingia.

Msitu wa Ngong Road uko karibu zaidi na Kibera na Kawangware. Hata hivyo, ni vyema kuutembelea mkiwa kundi, kupitia lango rasmi, wala si kwa kupenya vichochoroni.

Kukodi kuna faida mbili. Kwanza, mzazi hutambua kama watoto wanaupenda mchezo kabla hajatumia akiba ya nyumba. Pili, hakuna anayelazimika kuendesha katikati ya magari kutoka nyumbani hadi msituni. Hatari kubwa kwa mtoto haiko kwenye mizizi ya miti, iko barabarani. Familia yenye baiskeli zake iondoke asubuhi na mapema, na penye magari mengi izikokote kwa miguu au izisafirishe kwa gari la mizigo.

Anayenunua baiskeli ya mitumba asivutiwe na rangi wala wingi wa gia. Ainue gurudumu na kulizungusha. Likiyumba, rimu imepinda au spoku zimelegea. Abane breki zote mbili na kuisukuma baiskeli mbele: magurudumu yasizunguke. Achunguze viungo vya fremu kuona kama kuna ufa au mahali palipochomelewa upya. Breki mbovu hurekebishwa na fundi kwa gharama ndogo, lakini fremu iliyopasuka haifai kupewa mtoto.

Kadhalika, baiskeli ilingane na kimo cha mwendeshaji. Mtoto anayejifunza akalishwe kwenye kiti kinachomwezesha kugusa ardhi kwa miguu yote miwili. Kwa mtu mzima, goti lipinde kidogo tu pedali inapofika chini. Kumnunulia mtoto baiskeli kubwa ili "akue nayo" ni kumwandalia ajali.

Helmeti ni ya kila mmoja, wazazi wakiwemo. Ikae wima, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Iliyowahi kupata pigo kubwa haifai tena, hata ikiwa haionyeshi ufa.

Kabla ya kuingia msituni, fanyeni mazoezi ya kusimama ghafla kwenye uwanja tambarare. Breki zote mbili zibanwe polepole na kwa pamoja, kwa kuwa kubana ya mbele pekee kwenye mteremko kunaweza kumrusha mtu juu ya usukani. Katika mteremko, mwendeshaji asimame juu ya pedali zikiwa sawa, asogeze makalio nyuma na kutazama anakokwenda, si jiwe analoliogopa. Kwenye mwinuko, gia nyepesi iwekwe kabla ya kuanza kupanda.

Safari ya kwanza isizidi kilomita tano. Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine afuate nyuma, na mwendo uamuliwe na aliye dhaifu zaidi. Bebeni maji, pampu, tyubu na viraka. Aidha, mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hufanya udongo uteleze. Afadhali kuahirisha safari.

Familia iliyokwisha kuzoea inaweza kujaribu Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli miongoni mwa pundamilia na twiga. Nyati wasikaribiwe. Bonde jembamba la mbuga hiyo nalo lisiingiwe wakati wa mvua: mwaka wa 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba humo.

Wanaodhani mchezo huu ni wa matajiri wakumbuke Kikuyu, mji usio mbali na Kawangware. Huko ndiko David Kinjah, mwanzilishi wa kundi la Safari Simbaz, alikomfunza Chris Froome alipokuwa kijana. Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour de France mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017. Alianzia kwenye njia za udongo za Kikuyu, akiwafuata waendeshaji waliomzidi uzoefu.