Mtoto Asipimwe kwa Ulimi

Msimu wa korosho unapoanza Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, kuanzia Oktoba, fedha za mnada huingia majumbani na milo huongezeka. Kufikia Januari hadi Machi, mvua zikiwa zimekolea na mazao mapya yangali shambani, akiba hupungua. Wengi hutegemea muhogo, na wengine huingia porini kutafuta chakula. Uzito wa mtoto nao hupanda na kushuka kwa majira hayo, na kila badiliko lina msemaji: "Umenenepa!" kwa pongezi, "Mbona umekonda, unaumwa?" kwa hofu iliyoachwa na miaka ya UKIMWI. Shuleni huyo ni bonge, yule kimbaumbau.

Ukuaji wenyewe hauendi kwa mstari ulionyooka. Tangu anapojua kutembea hadi kufikia miaka 5 au 6, mtoto hurefuka na kuonekana mwembamba. Kisha mwili huanza tena kuweka mafuta. Wakati wa balehe, homoni ya estrojeni humwongezea msichana mafuta nyongani na mapajani, na testosteroni humjengea mvulana misuli. Mtoto aliyekosa lishe bora huchelewa kubalehe. Ndiyo maana wasichana wawili wa darasa la sita, umri mmoja, huweza kutofautiana sana kwa umbo pasipo mmoja wao kuwa na kosa lolote.

Anachoamini mtoto kuhusu mwili wake nacho hufanya kazi. Mwaka 2015, Angelina Sutin na Antonio Terracciano wa Marekani walichapisha matokeo ya vijana zaidi ya 6,500. Wale waliojiona wanene wakiwa na miaka 16, ilhali uzito wao ulikuwa wa kawaida, walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa takriban asilimia 40, ya kupata unene uliokithiri miaka 12 baadaye. Huko Fiji, ambako mwili mnene uliheshimiwa, Anne Becker aliwachunguza wasichana wa shule televisheni ilipoingia katika eneo lao mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye, asilimia 11 walisema hujitapisha ili wapungue. Mwanzoni hakuwapo hata mmoja. Leo simu janja, kama televisheni ile, zimefika hadi Newala.

Njaa ipo, na hatupaswi kuificha: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Lakini kukonda kwa mtoto ni taarifa kwa mzazi na mwalimu. Kusigeuzwe jina la mtoto. Kadi ya kliniki hufuatilia uzito hadi miaka 5, kisha mizani hutoweka na ulimi hushika nafasi yake. Shule zipime urefu na uzito kila muhula, kwa faragha, bila kutangaza kilo za mtu mbele ya darasa. Anayepungua apelekwe zahanati, uji wa shule upikwe hata miezi ya uhaba, na majina ya kejeli yakomeshwe, kwanza na sisi watu wazima.