Kidonda cha wiki ya tatu

Wiki ya kwanza baada ya upasuaji wa kupunguza matiti hainitii hofu sana. Maumivu yenyewe humlinda mgonjwa: anatembea polepole, analala chali, ndoo haigusi. Hofu yangu ni wiki ya tatu. Maumivu yamepungua, ngozi imeziba, na nyumbani wameshaanza kumuuliza lini atarudi kwenye kazi zake. Kumbe wakati huo kidonda kina takribani asilimia 20 tu ya nguvu iliyokuwa nayo ngozi kabla ya kukatwa. Nyuzi za kolajeni zinazoshikanisha kingo zake bado changa, na mwili utaendelea kuzipanga upya kwa miezi mingi. Hata kazi hiyo ikiisha, kovu hufikia kama asilimia 80 ya nguvu ya awali, halizidi hapo.

Katika upasuaji unaofanywa sana, mkato mmoja huzunguka duara jeusi la chuchu, wa pili hushuka wima, na wa tatu hufuata mkunjo ulio chini ya titi, umbo zima likawa kama nanga. Namna ya kuichora mikato hiyo ilielezwa na daktari wa Marekani, Robert Wise, mwaka 1956, nasi tungali tunaitumia.

Pale mkato wa wima unapokutana na ule wa mkunjo ndipo kidonda hufumuka mara nyingi zaidi. Ncha za ngozi mahali hapo hupata damu kidogo, zimevutwa kuliko sehemu nyingine, na zimekaa kwenye joto na jasho. Mgonjwa akiona pamefunguka milimita chache hudhani kazi yote imeharibika. Kwa kawaida haijaharibika. Amwonyeshe daktari wake, kisha tundu husafishwa, hufunikwa bendeji, na huachwa lijae nyama mpya kuanzia chini. Huchukua wiki kadhaa, na ni nadra kuhitaji kushonwa tena.

Tatizo ni haraka ya kutia dawa. Wapo wanaofungua kapsuli za antibayotiki na kunyunyiza unga wake, wapo wanaopaka dawa ya meno, na wengi humimina spiriti wakiamini kwamba kinachochoma ndicho kinachotibu. Spiriti huua vijidudu, lakini huua pia seli changa zinazojenga nyama. Nasisitiza: kidonda hiki kinataka maji safi na ukavu. Madaktari wengi huruhusu kuoga kwa maji ya kumwagia baada ya saa 48. Baada ya kuoga, kausha mkunjo kwa kugusagusa na kitambaa safi bila kusugua, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa weka gozi kavu kati ya ngozi na sidiria, uibadilishe ikilowa jasho. Kuogelea baharini kusubiri hadi kila sehemu izibe.

Sidiria iwe laini, isiyo na waya, yenye kufungwa mbele, na ivaliwe usiku na mchana kwa wiki 4 hadi 6. Kanga iliyokazwa kifuani hubana bila kulibeba titi. Kwa muda huohuo, usinyanyue kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kufua kwa mikono, kukuna nazi na kusonga ugali hukaza misuli ya kifua iliyo chini kabisa ya kidonda, kwa hiyo wengine washike mwiko. Mtoto mdogo apandishwe na mtu mwingine mapajani kwako ukiwa umekaa. Sigara, shisha na ugoro viachwe angalau wiki 4 kabla ya upasuaji na wiki 4 baada yake, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu.

Rudi hospitali siku hiyohiyo titi moja likivimba ghafla, chuchu ikigeuka kuwa ya bluu au nyeusi, ukiona usaha au wekundu unaosambaa, ukipata homa, mguu mmoja ukivimba, au pumzi zikikubana.

Kwa ngozi zetu nyeusi kuna jambo jingine, keloidi: kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya kidonda. Kama wewe au ndugu yako mliwahi kuipata baada ya kutoboa masikio, mwambie daktari kabla ya kukatwa. Kidonda kikiziba kabisa, jeli au vibandiko vya silikoni vitumiwe kila siku kwa miezi miwili mitatu au zaidi. Kovu likianza kuinuka na kuwasha, sindano ya steroidi ndani yake husaidia zaidi ikiwahi. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa zaidi.

Miezi baadaye unaweza kupapasa ukakuta donge gumu. Mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakafa, ila vidole haviwezi kulithibitisha. Lipimwe kwa altrasaundi, na anayekupima aelezwe kwamba ulipunguzwa matiti, na lini.